Michoro ya kale ya miambani Kolo, Kondoa: mimi fundi rangi nimeiona kwa macho yangu, waliochora hawakuwa wanabahatisha

mchanganya_rangi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba, niko Dodoma, mwaka wa kumi na nne huu. Nalisema mapema asije mtu kuniuliza hiyo akiolojia nimesomea wapi. Sijasoma. Ila rangi naijua.

Juzi kati hapa nilipata kazi Kondoa mjini, nyumba ya mzee mmoja mstaafu. Siku ya tatu nimeshapiga puti, mawingu yamekaa vibaya, puti inagoma kukauka, nimekaa juu ya ndoo naangalia ukuta. Mzee akaniambia we si mtu wa rangi, hujawahi kufika Kolo? Nikamjibu mzee wangu Kolo naipita kila nikienda Babati, sijawahi kuona kitu pale. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kesho usije kazini, nenda Kolo, siku yako nakulipa.

Basi nikaenda. Kolo iko kaskazini ya Kondoa mjini, barabara hiyohiyo ya Babati, kuna ofisi ya Mambo ya Kale, unalipa kiingilio unapewa kijana wa kukuongoza. Kutoka pale mnaacha lami mnaingia njia ya vumbi, mnavuka korongo la mchanga, halafu mnapanda kilima kwa miguu mpaka jasho linaingia machoni. Juu kule ndo panaitwa Mongomi wa Kolo, wengine wanatamka Mungumi.

Kwanza futeni hiyo picha ya pango mliyonayo kichwani. Sio shimo lenye giza na popo. Ni jabali kubwa limechomoza kwa juu kama kibaraza, chini yake kivuli, ukisimama pale unaliona bonde lote mpaka macho yanachoka. Ukuta wa nyuma wa hicho kibaraza ndo wamechora. Mchana kweupe, upepo unapiga, mbuzi wanalia huko chini.

Dakika tano za kwanza sikuona kitu. Niliona madoa mekundu tu kama kutu imechuruzika, nikasema moyoni mzee kanichezea. Kijana akaniambia kaka usiangalie kwa haraka, simama hapa, inamisha kichwa kidogo. Asee. Ni kama umeingia chumba cha giza macho yanaanza kuzoea, akatokea twiga, akatokea tembo, wakaanza kutokea watu, wembamba warefu kama fito, vichwa vikubwa vya mviringo kama wamefuga nywele au wamevaa kitu. Nikaja kugundua ukuta mzima umejaa, mmoja kachorwa juu ya mwenzie.

Hapo ndo ufundi ukaanza kuniwasha. Nikasogea kuangalia mstari (bila kugusa, mafuta ya kidole ni sumu kwa ukuta, hata kwa ukuta wako wa sebuleni). Kuna mtu pale nywele zake zimechorwa kwa mistari inayokwenda sambamba, kila mmoja mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na hakuna uliogusa wa jirani. Wakuu mi nina brashi ya inchi moja ya kukatia kona, ya dukani, na bado mkono unatetemeka nikifika kwenye fremu ya dirisha. Huyu bwana (au bibi, nani anajua) kasimama mbele ya jiwe lenye matuta, brashi kajitengenezea mwenyewe, sijui unyoya sijui kijiti kilichotafunwa ncha, na mstari wake unaanza mnene kidogo unaishia mwembamba bila kukatika. Mstari wa hivyo haupatikani siku ya kwanza. Ukiona mtu anavuta hivyo ujue kashaharibu mawe mengi, na kulikuwa na mtu nyuma yake anamwambia hapana, rudia.

Hilo ndo lililonileta humu. Tumezoea kuambiwa watu wa kale walikuwa wanachora kupoteza muda mvua ikinyesha. Mi nakataa. Wale walikuwa mafundi, walifundishwa, na kazi yao ilikuwa na mwenyewe aliyekuwa anaisubiri.

Tuje kwenye rangi. Ile nyekundu ni ngeu, hii hii wazee wetu maseremala walikuwa wanapigia mstari kwenye mbao, jiwe lenye chuma ndani, kwa lugha nyepesi kutu. Inasagwa, inachanganywa na kitu cha kushikia, wataalamu wanataja mafuta ya wanyama, utomvu wa miti, au maji tu. Nyeupe ni udongo mweupe, nyeusi ni mkaa. Swali langu la kwanza kwa yule kijana lilikuwa "walipiga praima?" akacheka. Hamna cha praima wala msasa, jiwe lilivyo, na rangi ipo pale miaka na miaka. Mimi kuna jengo moja la ofisi, silitaji, nililipiga praima, nikalipiga makoti mawili ya rangi ya nje ya bei mbaya, misimu miwili tu ya mvua upande mmoja ukabambuka kama nyoka anajivua gamba, na hela yangu ya mwisho mpaka leo sijalipwa.

Nikawa nafikiri njia nzima kurudi. Rangi yetu ya kopo inakaa juu ya ukuta, ni ngozi, maji yakipenya nyuma yake inavimba inabanduka. Ngeu iliyosagwa ikawa laini kama poda inaingia kwenye vitundu vya jiwe, inakuwa doa, na doa halibanduki, muulize mama yeyote aliyewahi kufua shati jeupe la shule lililoangukia udongo wa Kondoa. Halafu kutu ni chuma kilichokwisha kuoza, jua halina cha kukifanya tena. Na kubwa kuliko yote, walichagua ukuta. Michoro niliyoiona imekaa pale ambapo mvua haipigi na maji ya juu ya jabali hayatiririki. Fundi wa kweli kabla hajafungua kopo anaangalia kwanza maji yanapita wapi.

Kwa wasiojua, hii sio Mongomi peke yake. Ni kilima kizima cha ukingo wa Bonde la Ufa, Kolo, Pahi, Kisese, Cheke, Thawi, Fenga, huko kote. UNESCO waliiweka Urithi wa Dunia 2006, na makadirio ni vituo vya michoro kati ya 150 na 450. Yule mama wa Olduvai, Mary Leakey, alishinda huku mwaka 1951 anaifuatisha michoro mmoja mmoja kwa mkono, akaandikisha vituo 186 na kunakili picha kama 1,600 hivi. Kabla ya kuwa mtu wa mifupa alikuwa mchoraji yule, kwa hiyo macho alikuwa nayo.

Karibuni tubishane.

siti_ya_mbele

Nimewahi. Picha mkuu, uzi bila picha ni porojo.

mchanganya_rangi

Picha za simu yangu hii ni madoa mekundu kwenye jiwe la kijivu, utaniuliza twiga yuko wapi tutagombana. Nauli ya kutoka Dodoma haikushindi.

nguzo_ya_saba

Mkuu umezunguka sana ila umekwepa swali la msingi. Watu warefu wembamba, vichwa vikubwa, hawana sura. Unaambiwa nywele. Hivi kweli? Miaka elfu ngapi huko nyuma mtu anafuga nywele kama mwamvuli? Wale walikuwa WAGENI na hawa wenyeji walichora walichokiona. Tukubali tu kuna mambo tumefichwa.

mama_wawili_irangi

Wewe nguzo, hao wageni wako walitoka sayari nyingine wakaja Kolo wakakuta pofu (yule swala mkubwa) na twiga, wakaamua kuvua nguo na kushika upinde? Maana na pinde zimo kwenye hiyo michoro. 😂

mchanganya_rangi

😂😂 Dada umemaliza. Nguzo kaka yangu, mi nimewahi kupaka rangi kwenye saluni. Nywele za binadamu zinaweza kuwa umbo lolote, hilo halihitaji chombo cha angani.

mwl_wa_zamu

Nafundisha historia sekondari, naomba nichangie kidogo na nisahihishe pale mleta uzi aliposema "miaka na miaka" maana wanafunzi wakisoma humu watakuja kuniandikia hivyo kwenye mtihani.

Ile nyekundu yenyewe huwezi kuipima umri kwa kaboni, kwa sababu ni chuma na udongo, haina kitu kilichowahi kuwa hai cha kutosha kupimwa. Ndio maana utasikia mtaalamu huyu anataja miaka elfu kadhaa na mwingine makumi ya maelfu. Wanachofanya ni kuchimba chini ya jabali. Pale Kisese II alichimba Mary Leakey 1951, akaja Ray Inskeep 1956, na miaka ya karibuni vile vitu vikapimwa upya. Vikatoka vipande vya maganda ya mayai ya mbuni na shanga zilizotengenezwa kwa maganda hayo, na umri wake unavuka miaka 40,000. Shanga, jamani. Mtu anachukua ganda la yai, anavunja vipande, anatoboa tundu katikati bila kukipasua, anasugua ukingo mpaka uwe mviringo. Kwa hiyo kuhusu mkono wenye ufundi nakubaliana na mleta uzi, ila mwenye shanga si lazima awe ndiye mwenye mchoro. Watu wamekaa chini ya lile jabali vizazi vingi sana, mmoja anaweza akawa wa asubuhi na mwingine wa jioni.

Jambo la pili, michoro haiko ya aina moja. Nyekundu nyembamba ndiyo ya zamani, ya wawindaji na waokota matunda. Ile nyeupe nzito, iliyopakwa kama kwa kidole, mara nyingi iko juu ya nyekundu, na inahusishwa na wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye sana. Wewe fundi bila shaka umeliona hilo.

mchanganya_rangi

Mwalimu shikamoo. Nimeliona na nilisahau kuandika. Koti la chini ni jekundu, koti la juu ni jeupe, hilo halina ubishi, maana nyeupe imeziba miguu ya mnyama mwekundu. Hata mikono ni tofauti kabisa, wa kwanza anachora kama anaandika barua, wa pili anapaka kama anasiliba nyumba. Sisemi wa pili hajui, inawezekana haja yake ilikuwa nyingine, ila ni mafundi wawili tofauti na hawakuwahi kufanya kazi saiti moja.

Nyeupe pia ndo inayobambuka zaidi, imekaa juu juu kama ya kwetu.

bwana_mapesa

Mnasifia sana vitu vya nyumbani, lakini Ufaransa kule Lascaux ng'ombe na farasi wamechorwa wakubwa wana misuli na vivuli, ukiangalia unaona anakimbia. Hivi vyetu ni vijiti. Tuwe wakweli.

mwl_wa_zamu

Lascaux ni kazi kubwa sana, hakuna anayebisha. Lakini usisahau ile iko ndani kabisa ya ardhi, ilizibwa, ikagunduliwa 1940 na vijana, ikafunguliwa kwa watalii 1948, na baada ya miaka 15 tu ikabidi ifungwe, 1963, kwa sababu pumzi na joto la watu viliotesha ukungu na mwani ukutani. Leo mtalii anaonyeshwa nakala. Kolo imekaa nje, na upepo, na nyuki, na mbuzi, na moto wa wachungaji, na bado ipo. Na kama ni kushindana umri, nguruwe wa Sulawesi kule Indonesia ametajwa kuwa na zaidi ya miaka 51,000, kwa hiyo hata Ufaransa wenyewe wameshapitwa.

mchanganya_rangi

Na kuita vijiti ni kwa sababu umeona kwenye simu. Nenda kasimame pale. Kuna mnyama kachorwa mgongo kwa mstari mmoja tu, kutoka shingoni mpaka mkiani, na kwenye huo mstari mmoja unajua kabisa huyu ni pofu na huyu ni twiga. Kupaka kivuli ni kazi, sawa, lakini kujua kipi usichore ni kazi zaidi.

mjukuu_wa_kwamtoro

Nimekuwa nasoma kimya kimya ila sasa acha niseme. Mimi ni Msandawe, kwetu ni Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Uzi mzima mnasema "watu wa kale" "wawindaji" kana kwamba wamekufa wote wakaisha. Tupo. Tunalipa bili za umeme kama nyie.

Lugha yetu ina sauti za kidoko, kama ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ingawa hatuelewani nao hata neno moja. Wataalamu wengi wanakubali kwamba ile michoro myekundu ni ya mababu wa watu wa aina yetu, sisi na Wahadzabe, kabla Warangi na Waalagwa na Waburunge hawajaja kujaza ile milima. Na sio kwa kukisia tu. Kuna mtafiti anaitwa Eric ten Raa alikaa na wazee wa Kisandawe miaka ya 1960, akaandika 1971 kwamba kuchora kwenye miamba kulikuwa bado kunakumbukwa kwetu, kwamba walikuwepo watu waliochora kwa sababu za tambiko na za uwindaji. Miaka ya 1960 ni juzi, bibi yangu alikuwa msichana.

Halafu kuna ngoma yetu inaitwa simbo. Inachezwa usiku, na anayezama kwenye ile ngoma anasemwa amekuwa simba, anapambana na wachawi. Nimeiona utotoni, sina haja ya kuwaelezea zaidi. Ila akaja profesa mmoja wa Afrika Kusini, David Lewis-Williams, aliyekuwa anasoma michoro ya Wasani, wawindaji wa asili wa kule kwao, akaangalia ya Kondoa akasema hawa walioinama, hawa walioongezeka urefu, hawa wenye vichwa visivyo vya watu, sio wanatembea, wako kwenye ngoma. Mtu aliyezama haoni mwili wake kama kawaida, anajiona anarefuka.

Ile picha maarufu ya Kolo mnaijua? Mtu mmoja katikati, anaonekana kama mwanamke, kashikwa mikono huku na huku, upande mmoja wawili wana vichwa vya ajabu kama vinyago, upande wa pili wawili wa kawaida. Mary Leakey aliona ni mtu anatekwa, hawa wanavuta na hawa wanaokoa. Jina la utekaji likabaki. Lewis-Williams akasema hapana, ni mtu ameelemewa na ngoma na wenzie wanamshikilia asianguke. Mimi nikiiangalia, namkumbuka shangazi yangu akishikwa mabega.

mchanganya_rangi

Mkuu umenifunga mdomo. Nilisimama mbele ya ukuta saa nzima naangalia mstari, sikuwaza kabisa mtu wa katikati anajisikiaje.

Sasa niulize kwa heshima. Kama wazee walikuwa bado wanachora mpaka karne iliyopita, kwa nini wanasema "sanaa iliyokufa"?

mjukuu_wa_kwamtoro

Kwa sababu waliokuja kuandika walikuta ukuta kwanza, sisi wakatukuta baadaye. 😊

nguzo_ya_saba

Nakubali nimeshindwa kwenye wageni, ila kuna ile ya Swagaswaga mbona hamuitaji? Nimeona picha, watu watatu wana vichwa vya nyati. Hiyo nayo ni saluni?

mwl_wa_zamu

Hahaha, nguzo leo umeleta kitu. Hiyo ni Amak'hee 4, iko ndani ya pori la akiba la Swagaswaga, iligunduliwa 2018 na mtafiti wa Poland, Maciej Grzelczyk, akaitangaza 2021. Karibu yote ni nyekundu, zipo picha tano tu nyeupe. Na wale watatu ni kweli, vichwa vimekaa kama vya nyati, katikati pamebonyea, pembe zinapanda halafu zinapinda kwenda nje. Lakini angalia iko wapi, iko Usandawe. Kwa hiyo rudi kasome alichoandika mjukuu_wa_kwamtoro kuhusu mtu kuwa mnyama, halafu uje.

rupia_15

Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Nasikia kwenye hayo mapango Mjerumani alificha dhahabu wakati anakimbia vita. Kuna mzee kanionyesha alama ya mshale kwenye jiwe. Kuna mwenye kipimo cha madini tuongee inbox? Naongea na watu siriazi.

mama_wawili_irangi

Haya, ndio hawa. Mimi ni Mrangi wa huko huko milimani, hawa watu wa mali ya Mjerumani wametumalizia majabali. Wanakuja usiku na sururu, wanachimba chini ya michoro, wengine wanavunja jiwe lenyewe wakiamini ule mchoro ni ramani. Mshale! Mshale ni wa mwindaji jamani, anamlenga mnyama, hakuna mahali unaelekeza dhahabu.

mwl_wa_zamu

Chanzo cha hadithi nakijua. Aprili 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la van Deventer kutoka Afrika Kusini liliteka Kondoa-Irangi, Mei kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck akaja kuwashambulia akashindwa, akarudi kusini. Na mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wamegonga sarafu za dhahabu Tabora, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Watu wakaunganisha vita, dhahabu na picha za tembo kwenye mawe, basi, sururu. Ndugu rupia_15, hata jina lako ni la ile sarafu. Udongo unaouchimba ule ndio wenye shanga za miaka 40,000, ukishaupindua hakuna mtaalamu wa kuusoma tena, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakungoja.

rupia_15

Nilikuwa nauliza tu mwalimu.

bwana_mapesa

Si waweke uzio tu, shida iko wapi.

mama_wawili_irangi

Waliweka. Baadhi ya vituo viliwekewa vizimba vya waya, waya ukang'olewa, waya ni mali kijijini, unafunga mabanda, unatega sungura.

Ila kuna kitu kingine niseme kwa upole maana nakijua kitaleta maneno. Mongomi sio makumbusho kwetu. Ni mahali pa kuombea. Mvua ikigoma, mtu akiumwa ugonjwa usioeleweka, wazee wanapanda kule na mbuzi au kondoo, na pombe, na kuna kipengele pombe inarushwa kwenye jabali. Sisi wengi ni Waislamu, tunaswali kama kawaida, na bado ukame ukizidi utasikia wazee wamekwenda juu. Serikali inasema pombe inaharibu rangi, na ni kweli inaharibu. Wazee wanasema bila ibada pale patakuwa jiwe tu. Yupo mtafiti wetu Mtanzania, Emmanuel Bwasiri, aliandika 2011 juu ya jambo hili hili, kwamba pale Mongomi ukilinda rangi ukamfungia nje anayepaheshimu umelinda nusu. Mimi baba yangu alinipeleka nikiwa na miaka tisa, tulisimama mbali, tukaambiwa tusiongee. Sikumbuki mchoro hata mmoja, nakumbuka harufu ya ile pombe tu.

mchanganya_rangi

Dada hapo kama fundi nina jibu moja na kama mtu nina jingine. Fundi anasema pombe ina asidi na sukari, inaleta wadudu na ukungu, usimwage ukutani. Mtu anasema kama sio wazee wenu kupaogopa, watu wa sururu wangeshafika zamani. Kijana aliyeniongoza alinionyesha mahali pembeni, sehemu isiyo na picha, akasema baadhi ya wazee siku hizi wanakubali kufanyia hapo. Sijui kwa wengine.

siti_ya_mbele

Mleta uzi, wewe si fundi, tengeneza hiyo rangi tuone. Maneno mengi.

mchanganya_rangi

MREJESHO. Wiki sita zimepita, samahani, kazi zilibana.

Nilichukua mawe mekundu kwenye korongo moja la njia ya Kondoa (mbali na michoro, msinianze), nikayatwanga kwenye kinu kibovu cha mama, nikasaga kwa jiwe juu ya jiwe. Siku ya kwanza nilisaga saa mbili nikapata unga wa kujaza vifuniko vitatu vya soda, na bado ukiusugua kidoleni una chenga. Siku ya pili nikasaga ule ule. Hapo ndo nikaelewa kwamba huyo mtu alikuwa na watu wa kumsagia, au alikuwa na muda ambao mimi sina.

Nikachanganya aina nne, nikapaka kwenye mawe manne nyuma ya nyumba, mawili kwenye kivuli cha paa na mawili nje. La kwanza mafuta ya kondoo, la pili ute wa yai, la tatu utomvu wa mgunga, la nne maji matupu. Mvua zimepiga kama mara tano.

La mafuta liling'aa kuliko yote, nikawa natamba. Siku ya tatu sisimizi. Siku ya tano mbuzi wa jirani akalilamba lote, limebaki jiwe na ulimi wake. La ute wa yai, ambalo nililiweka nje, limepasuka vipande vipande kama ukuta wa yule asiyenilipa. La utomvu lilikuwa chini ya paa, lipo, limekolea, limekuwa na weusi kidogo. La maji lilikuwa nje, mvua ya kwanza ilitiririka nyekundu nikajua limekwisha, asubuhi jiwe limekauka nakuta mchoro upo, umefifia lakini umeingia ndani ya jiwe, nimesugua kwa kidole hautoki, nimesugua kwa sabuni ya unga hautoki.

Unyoya nilitumia wa kanga, nikaukata ncha upande. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa ananishikia kifuniko. Nilivuta mistari jioni nzima, rangi inakauka kwenye unyoya kabla sijafika mwisho, au inadondoka tone, au mkono unagota kwenye nundu ya jiwe. Mrefu kuliko yote uliotoka bila kukatika ni kama urefu wa kidole changu cha kati. Dogo akaomba ajaribu, akavuta wake, ukatoka mrefu kuliko wangu ila umepinda.

Nikamwambia rudia.